Mashini Inabadilika, Kazi Inabaki

(Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Kolwezi. Tumeyaandika karibu na vile yalivyosemwa, juu ya memba walio mbali na marafiki wanaotusaidia.)

Hesabu ya mwaka mtaipata kwa mwandishi kisha mkutano. Kwanza tunaomba tuzungumze jambo moja lililotufunga mikono mwezi uliopita.

Memba watatu walikuja kwa komite kuomba mkopo, kila mmoja kwa siku yake. Wa kwanza ni kijana wa Dilala mwenye kibanda cha feza ya telefone. Anataka kompyuta na mashini ya kutoa kopi. Wa pili ni mama wa soko la Manika anayeuzisha samaki wa barafu, wale tunaoita tomsoni. Anataka paneli za jua kwa ajili ya friji yake. Wa tatu si mtu mmoja, ni kikundi cha krezere wa upande wa Kanina. Wanataka kununua metorex, ile mashini ya kupima jiwe.

Wote walimaliza kwa neno moja: "Dunia inakimbia. Kama hamtupatii sasa, tutabaki nyuma."

Komite ilikaa mara mbili na haikupata jibu. Sanduku letu haliwezi kulipa maombi yote matatu. Tena mnajua wote kwamba sanduku lingali na kidonda cha mwaka 2022, na leo tutakisema kidonda hicho mbele ya wageni bila kukifunika. Tuliona hatuna kanuni ya kusema "ndiyo" wala ya kusema "hapana". Kwa hiyo tulirudi kuangalia maisha yetu wenyewe: kila mara mashini ilipobadilika, ni nani aliyesimama na ni nani aliyeanguka?

Sisi tuliorudi si wageni wa jambo hili

Kati yetu kuna waliokimbilia Angola wakati wa vita vya 1977 na 1978. Kuna waliokaa Meheba, kule Zambia. Kuna waliofukuzwa kwenda Kasai mwaka 1992 na 1993, wakarudi polepole. Kuna waliotafuta maisha Afrika Kusini. Kila mmoja alirudi akakuta Kolwezi ingine.

Aliyeondoka wakati Gécamines ilikuwa baba na mama, na mshahara, hospitali, masomo ya watoto na unga wa kila mwezi, alirudi akakuta watu wanachimba kwa mkono. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi yote haikufika hata tani 40,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipokea hesabu ya mwisho wakaenda nyumbani. Kisha kampuni mpya zikaingia na mashini ambazo wazee wetu hawakuziona: mutuka moja ya kubeba udongo inafanya kazi ya mamia ya watu.

Katika nyumba zetu tuliona tofauti. Kuna baba aliyejua kubonyeza kifungo kimoja cha mashini moja. Siku mashini ile ilipokufa, kazi yake ilikufa nayo. Na kuna baba aliyejua juu ya nini mota inazunguka. Huyo alitengeneza pampu za maji, kisha mashini za kusaga mahindi, kisha jenereta za maduka, na watoto wake walisoma.

Habari ya foni

Wazee mnakumbuka foni. Redio iko mezani, batri ya mutuka iko chini, waya mrefu unapanda juu ya nyumba. Mnangoja kwenye benchi saa yenu ifike, kisha mnapiga kelele: "Mbuji-Mayi, Mbuji-Mayi, unanipata?" Watu wote wa benchi wanasikia kama mtoto wako amefaulu au kama shemeji amekufa. Na feza ilipita pale pale. Unaacha hapa, mwenzake wa kule anamupa ndugu yako, wanakata kidogo juu ya kazi yao.

Telecel ilifika Zaire mwaka 1986, lakini ile ilikuwa telefone ya wakubwa. Kisha 2000 kampuni zingine zikaingia, na tukaona vibanda vyenye mwavuli na telefone moja juu ya kiti, unalipa kwa dakika. Kisha kila mtu akapata telefone yake, vibanda vikaanza kuuzisha yuniti. Wakenya walikuwa na M-Pesa tangu 2007. Kwetu ilifika mwaka 2012, na kampuni zingine zikafanya vile vile. Kwa miaka ishirini hivi, biashara moja ilibadilisha mashini mara tatu.

Mama mmoja wa chama chetu alipita njia yote hiyo, kutoka foni mpaka feza ya telefone. Tulimwuliza namna gani alifanya. Alijibu: "Mimi sikukuwa nauzisha foni. Watu walikuwa wanakuya kwangu juu walijua feza yao itafika, na maneno yao sitayapeleka sokoni. Foni ilipokufa, watu walinifuata na telefone." Alituambia tena kwamba hakununua telefone ya kwanza kwa deni. Aliendelea na foni asubuhi, akajaribu telefone mchana, miezi mingi, mpaka kaye yake ikamwonyesha kwamba mchana unalipa kuliko asubuhi.

Jirani yake alifanya kinyume. Aliona wateja wanapunguka, akafikiri redio yake ni zaifu, akakopa kununua redio ingine yenye nguvu kupita. Mwaka uliofuata benchi lilikuwa tupu, na deni lilikuwa pale.

Basi, kwa kijana wetu wa Dilala: wateja wako wanapunguka juu sasa kila mtu anatuma feza mwenyewe, bila kuja kwenye kibanda. Hilo halitarudi nyuma. Lakini tuliketi kwenye kibanda chako siku mbili tukaandika kila mtu aliyekuja na alichotaka. Wengi hawakutaka kutuma feza. Walitaka umusomee ujumbe wa telefone, umujazie karatasi ya kuomba kazi kwenye kampuni, umwonyeshe kama ujumbe wa "umeshinda zawadi" ni wa kweli ao ni wa wezi. Hiyo ndiyo kazi yako, na hujawahi kuitoza hata franka moja. Komite inapendekeza hivi: usinunue mashini ya kopi sasa. Kwa miezi mitatu chukua karatasi za wateja, zitoe kwa mwenye mashini wa karibu, lipa bei yake, ongeza kidogo yako, na andika kila siku. Kaye ikisema watu wanatosha, sanduku litakukopesha.

Habari ya metorex

Hapa tuongee polepole, juu wageni wetu hawajui. Metorex ni mashini ndogo, ina umbo la bastola. Depo inaiweka juu ya udongo wa jiwe, inapiga miali, na kisha muda mfupi inaonyesha kwenye kioo: kobalti asilimia fulani, shaba asilimia fulani. Bei ya gunia inatoka kwenye namba ile.

Zamani mnunuzi alitazama rangi ya jiwe, akalipima kwa mkono, mkabishana. Mashini ilipofika, mabishano yalikufa. Krezere akisema jiwe lake ni zuri, anajibiwa: "Mashini haisemake bongo." Na kweli, mashini haijui kudanganya. Lakini inapima kile ilichowekewa tu. Ukiiweka mahali palipo na udongo mtupu, inasoma udongo mtupu. Jiwe likiwa na maji, namba inashuka. Na mwenye kuishika ni yule yule anayenunua.

Mwaka jana kikundi chetu kilifanya jaribio. Walichukua gunia moja, wakaanika, wakatwanga mpaka unga, wakachanganya. Wakatandaza unga kama chapati kubwa, wakaugawa mara nne, wakachukua pande mbili zinazotazamana, wakachanganya tena, wakagawa tena. Mwishoni walikuwa na vifuko vitatu vya unga ule ule. Depo ya kwanza ilisoma kobalti 1.8. Depo ya pili ilisoma 2.6. Kifuko cha tatu walikifunga na kukiweka kwa mwandishi wa chama. Hatutaji depo, juu hatukuja hapa kushitaki mtu. Lakini tazameni: kati ya namba mbili zile kuna karo ya mtoto.

Ndiyo maana waliomba kununua mashini yao. Tunawaelewa kabisa. Lakini jibu letu ni hapana, na tunataka mjue sababu. Mashini ile inapita nguvu ya sanduku letu. Inahitaji fundi wa kuirekebisha kila mara, na hapa hatumjui. Na jambo kubwa: mnunuzi halazimishwi kukubali namba ya mashini yako. Atasema, "Ile ni yenu, hii ni yangu." Mtakuwa na mashini nzuri na bei ile ile. Kinachokosekana ni kipimo cha mtu wa tatu, asiyenunua na asiyeuza, na kinachokubaliwa na pande zote. Jimbo lilijenga kituo cha biashara kule Musompo ili wauzaji na wanunuzi wakutane mahali pamoja. Ni pale tunapaswa kuomba, vikundi vyote kwa sauti moja, kipimo cha namna hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wakati tunangoja, vifuko vitatu havigharimu kitu. Anika, twanga, changanya, gawa, andika. Tangu kikundi kianze kufika depo na kaye mkononi na kifuko kilichofungwa, wanasema mazungumzo yamebadilika. Siyo kila siku, lakini yamebadilika.

Kidonda cha 2022

Sasa tuseme kosa letu. Katika miezi ya kwanza ya 2022 kobalti ilipita dola 80,000 kwa tani kwenye soko la dunia. Hapa mji wote ulikuwa na homa. Komite, yaani sisi wenyewe, tulikopesha memba sita feza ya kununua magunia, pampu na kulipa wachukuzi. Hatukuwauliza kitu. Sisi pia tuliamini kwamba dunia inataka mutuka za umeme, mutuka za umeme zinataka batri, batri zinataka kobalti, na kobalti iko chini ya miguu yetu.

Hatukujua kwamba mafundi wa batri walikuwa wamekwisha kupata namna ingine. Kuna batri ya lithiamu yenye chuma na fosfati, haina kobalti hata kidogo. Ina nguvu ndogo kwa uzito wake, lakini ni ya bei nafuu na inadumu. Wachina waliitengeneza vizuri mwaka kwa mwaka. Mwaka 2024, karibu nusu ya batri zote za mutuka za umeme duniani zilikuwa za namna hiyo. Na wakati huo huo migodi mikubwa ya hapa hapa kwetu ilikuwa inatoa kobalti kupita mahitaji, juu kobalti inatoka pamoja na shaba, na shaba inatakiwa. Mwanzoni mwa 2025 bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 25,000. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kobalti kutoka nje ya inchi. Ilifungua tena tarehe 16 Oktoba kwa vipimo: tani 18,125 mpaka mwisho wa mwaka, na 96,600 kwa mwaka 2026. Bei ya dunia ilipanda tena, lakini magunia ya memba wetu yalikuwa yamekaa nyumbani miezi, na mwenye njaa haangoji bei ya dunia.

Kati ya memba sita, wawili walilipa. Wanne hawajamaliza mpaka leo. Hawakuiba, na tunaomba mtu asiwatazame vibaya sokoni. Kosa lilikuwa letu: tuliweka sanduku lote juu ya jiwe moja, na hatukuuliza kama mnunuzi wa mwisho, yule wa mbali kabisa, bado atalitaka kesho.

Mama wa samaki

Mnajua kitu kinachotuumiza sisi wa Kolwezi. Laini kubwa ya umeme kutoka Inga, kilometa 1,700, iliyoanza kazi mwaka 1982, inafika hapa hapa kwetu. Mabwawa ya Nzilo na Nseke hayako mbali. Lakini katika vibanda vya soko giza ni ndugu wa kila siku.

Mama wetu alileta kaye kabla hatujamwomba. Katika siku 30 alikosa umeme siku 17. Kila siku ya giza alinunua petroli ya jenereta kwa dola 3, ni dola 51 kwa mwezi, mbali na samaki waliooza. Paneli, batri na vyote vinavyokwenda navyo aliulizia kwa wauzaji watatu: karibu dola 1,200. Kwa petroli peke yake feza inarudi kama kisha miaka miwili. Alituonyesha tena kwamba batri ya risasi, ile ya mutuka, ni ya bei ndogo lakini ukiimaliza kila usiku inakufa upesi. Kwa hiyo anataka ile ya lithiamu. Tukatazama jina lake kwenye karatasi: chuma na fosfati. Ni batri ile ile iliyotuangusha. Mama alicheka, akasema: "Kama imenitoa feza kule, inirudishie huku."

Kwake komite inasema ndiyo. Alihesabu, ana fundi kijana kutoka mtaa wake anayejua kufunga na kutengeneza, na nusu ya feza inatoka kwenye likelemba yake. Sanduku litaongeza nusu ya pili.

Kanuni tunazoomba mzikubali

Kutoka mambo haya, komite inapendekeza maulizo matano. Kila anayeomba mkopo wa mashini atayajibu kwa kaye yake, na komite pia itayajibu kabla ya kutoa feza.

La kwanza: mteja wako anakuja kutafuta nini kwako, siku mashini hii haiko tena?
La pili: umejaribu kwa kidogo, kwa kukodi ao kwa kuazima, muda usiopungua miezi mitatu?
La tatu: itarudisha feza yake kisha miezi mingapi, kwa hesabu ya siku zako mbaya, siyo ya siku nzuri?
La nne: ikiharibika, nani ataitengeneza, na kipande chake kinapatikana hapa ao Lubumbashi?
La tano: nani anashika namba? Kama bei yako inatoka kwenye mashini ya mtu mwingine, utaihakikisha namna gani?

Na juu ya maulizo yote, kanuni moja kwa komite: hakuna siku tena sanduku litaweka zaidi ya robo ya feza yake kwenye kazi inayotegemea bei ya jiwe moja.

Tunaomba tena vijana na wazee wafanye kazi pamoja. Kijana anajua telefone, lakini hajaona benchi likibaki tupu. Mzee ameliona, lakini ujumbe wa wezi unamudanganya. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuanzia mwezi ujao, kijana wa Dilala atafundisha wamama wa soko namna ya kulinda namba yao ya siri, na chama kitamulipa.

Neno kwa marafiki wanaotusaidia

Wageni wetu, mmetutendea mema mengi, na rafiki wa kweli anaambiwa kweli. Katika chumba cha nyuma cha ofisi hii kuna kompyuta nane chini ya kitambaa. Tulipewa miaka iliyopita na watu wenye moyo mzuri. Zilifanya kazi majuma machache. Umeme ulipanda na kushuka, tatu zikaungua. Zingine zilitaka programu ya kulipia kila mwaka, na hatukuwa nayo. Tulitoa picha, tukawatumia na aksanti, hatukusema kitu. Tuliogopa mtasema hatujui kutunza. Huo nao ulikuwa uongo wetu.

Kwa hiyo leo tunaomba kwa mpango mwingine. Mukitaka kutupa mashini, tupeni kwanza feza ya kukodi mashini ile miezi mitatu, na feza ya kufundisha vijana wawili kuitengeneza. Kisha miezi mitatu tutawaandikia kweli kama inafaa. Kama haifai, mtakuwa mmepoteza kidogo, na sisi tutakuwa na vijana wawili wenye ufundi.

Ndugu, hatuwezi kuizuia dunia kukimbia. Wengi wetu tulitembea kwa miguu kutoka mipaka, na mizigo mikubwa tuliiacha njiani. Kilichofika nyumbani ni kile tulichokuwa tunajua kufanya na watu waliotuamini. Tuanze na hivyo viwili, mashini ifuate nyuma.

Sasa tunaomba kura. Wanaokubali maulizo matano na kanuni ya robo, wanyanyue mkono. Mwandishi, hesabu.

(Mkutano ulikubali. Mikono mitatu ilikataa kanuni ya robo, ikisema ni kali sana wakati bei inapanda. Neno lao limeandikwa, na litazungumzwa tena kisha miezi sita.)